Bula, Rehema na Mitambo ya Uchapaji: Karatasi Ndogo Zilizowalisha Wachapaji wa Kwanza wa Uhispania

Mwaka wa Jubilei uliofunguliwa Roma katika mkesha wa Noeli 2024 na kufungwa tarehe 6 Januari 2026 uliirudisha vinywani mwa watu mada iliyokuwa imelala. Waamini Wakatoliki walielezwa makanisani namna ya kupata rehema kamili, na mabishano ya zamani yakafufuka papo hapo: kwamba Kanisa liliwahi kuuza msamaha wa dhambi kwa vyeti, kwamba vyeti hivyo vilichapwa kwa maelfu, na kwamba mtambo wa uchapaji ndio uliokuja kuliumbua Kanisa hilo, ndiyo maana likauchukia. Hoja hizo zina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umechanganyika na mengi yasiyo kweli, na hauwezi kutenganishwa bila kurudi karne ya 15, wakati karatasi za kwanza zilipotoka kwenye mitambo ya Ulaya.

Nimechagua kulieleza jambo hili kupitia Uhispania. Ujerumani ndiko uchapaji wa Ulaya ulikoanzia, na Italia ndiko ulikonawiri upesi zaidi, lakini Uhispania ndiko unakoonekana waziwazi uhusiano wa mchapaji, Kanisa na mfalme, kwa sababu wote watatu walitegemea aina moja ya karatasi iliyoitwa bula.

Rehema, bula na inkunabula

Katika mafundisho ya Kikatoliki, dhambi huacha mambo mawili: hatia na adhabu ya muda. Hatia huondolewa katika kitubio, mwamini anapojuta, kuungama na kupokea maondoleo kutoka kwa padre. Adhabu ya muda hubaki baada ya msamaha huo, nayo hutimizwa kwa sala, mfungo na matendo mema hapa duniani, au toharani baada ya kifo. Rehema ni tendo la Kanisa la kupunguza au kufuta adhabu hiyo inayobaki. Kwa mujibu wa fundisho lenyewe, basi, rehema haikuwahi kuwa msamaha wa dhambi, na mtu asiyetubu hakuweza kuipata hata angetoa dhahabu. Iwapo wauzaji waliozunguka vijijini waliwaeleza wanunuzi tofauti hiyo kwa uaminifu ni suala jingine. Mara nyingi hawakufanya hivyo, na viongozi wa Kanisa lenyewe walilalamika kuhusu jambo hilo kabla ya Martin Luther kuandika hoja zake mwaka 1517.

Bula kwa asili ni waraka rasmi wa Papa wenye muhuri wa risasi. Nchini Uhispania watu wa kawaida walilitumia neno hilo kwa kitu kidogo zaidi, yaani karatasi moja iliyochapwa, yenye muhtasari wa neema zilizotolewa na Papa, ambayo ilikuwa na nafasi wazi ya kuandikia kwa kalamu jina la aliyeipokea na tarehe. Ilikuwa fomu. Aliyetoa mchango kwa ajili ya shughuli iliyotajwa ndani yake alipewa fomu hiyo kama uthibitisho.

Inkunabula ni jina la kitaalamu la kitu chochote kilichochapwa Ulaya kabla ya mwaka 1501. Jina hilo hukumbusha vitabu vinene vya ngozi, na hapo ndipo wengi wanapopotoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya wachapaji wa enzi hiyo haikuwa vitabu.

Kilichotangulia Biblia

Karibu kila mtu aliyesoma historia shuleni ataeleza kwamba Johannes Gutenberg wa Mainz alivumbua uchapaji wa Ulaya na kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa Biblia. Nusu ya pili ya maelezo hayo haisimami. Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa katika nakala takriban 180, ilikamilika karibu na mwaka 1455. Hati ya kale kuliko zote zenye tarehe iliyochapwa kwa herufi za kuhamishika ni cheti cha rehema, na nakala yake ya mapema zaidi iliyobaki iliandikwa tarehe 22 Oktoba 1454 katika mji wa Erfurt. Constantinopolis ilikuwa imeanguka mikononi mwa Waturuki mwaka uliotangulia, na Papa Nikolao wa Tano alikuwa ametoa rehema kwa watakaochangia ulinzi wa kisiwa cha Kipro. Wakusanyaji wa michango walihitaji maelfu ya vyeti vinavyofanana neno kwa neno, kwa haraka na kwa bei nafuu. Mwandishi wa mkono hakuweza kazi hiyo, na mtambo uliiweza vizuri sana.

Sababu ya kiuchumi inaeleweka kwa yeyote anayeijua hali ya mwenye steshenari na mashine ya kuchapa mtaani kwetu. Anayetegemea kuchapa riwaya tu atafunga duka, kwa sababu riwaya humlazimu anunue karatasi nyingi, alipe mafundi kwa miezi kadhaa, kisha asubiri wasomaji ambao huenda wasije. Anayechapa kadi za michango ya harusi, vitabu vya risiti na fomu za shule hulipwa na mteja mmoja, kwa kazi ya siku chache, na hana mzigo wa kubaki nao ghalani. Wachapaji wa karne ya 15 walikuwa katika hali hiyo hiyo. Wengi wao walifilisika kwa vitabu, na waliookoka waliokolewa na kazi ndogondogo, ambazo mteja wake mkubwa alikuwa Kanisa: vyeti vya rehema, matangazo ya maaskofu, kalenda za sikukuu, vijitabu vya sala.

Kazi yenyewe ilihitaji mtaji. Herufi zilifinyangwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, moja moja, kila moja ikisomeka kinyume. Mpangaji alizichukua kutoka sandukuni na kuzipanga mstari kwa mstari, mafundi wawili wakashughulika mtamboni, mmoja akipaka wino wa masizi na mafuta ya kitani, mwenzake akiweka karatasi iliyoloweshwa kidogo na kuvuta mkono wa mtambo. Vitabu vya ibada vilikuwa na usumbufu wa ziada, kwani maelekezo ya padre yalichapwa kwa wino mwekundu na sala kwa wino mweusi, hivyo ukurasa mmoja ulipita mtamboni mara mbili, na kosa dogo la kupanga karatasi liliharibu yote.

Wajerumani katika ardhi ya Castilla

Mwezi Juni 1472 Juan Arias Dávila, Askofu wa Segovia katika Castilla, ufalme mkubwa kuliko zote za Uhispania wakati huo, aliwaita mapadre wake katika kijiji cha Aguilafuente kufanya sinodi, yaani mkutano wa jimbo wa kupanga nidhamu. Mapadre wengi hawakuwa na elimu ya kutosha, na askofu hakutaka maazimio ya mkutano yanakiliwe kwa mkono na kupotoshwa kila yanapohamishwa. Alikuwa na fundi aliyetoka Heidelberg, Juan Párix, na ndiye aliyeyachapa. Kitabu hicho, kinachojulikana kama Sinodal de Aguilafuente, ndicho kinachokubalika leo kuwa cha kwanza kuchapwa Uhispania. Nakala yake moja tu imebaki, na iko katika kanisa kuu la Segovia. Hakitaji mwaka, mahali wala jina la mchapaji, na ndiyo sababu kwa muda mrefu heshima ya kuwa wa kwanza ilipewa mji wa Valencia, ambako Lambert Palmart, naye mgeni kutoka kaskazini, alichapa mkusanyiko wa mashairi ya kumsifu Bikira Maria yaliyoshindanishwa mwaka 1474.

Msomaji atagundua kwamba kazi zote mbili ni za kidini na kwamba mafundi wote wawili walikuwa wageni. Hilo liliendelea kwa miongo kadhaa. Majina yanayojirudia katika viwanda vya Uhispania vya wakati huo ni ya Kijerumani: Párix huko Segovia, Luschner huko Barcelona na Montserrat, Hagenbach huko Toledo, Ungut na Pegnitzer huko Sevilla na Granada, Cromberger huko Sevilla. Walifuata soko, na maaskofu na watawa ndio waliokuwa na fedha za kuwalipa. Malkia Isabel wa Castilla na mumewe Mfalme Fernando wa Aragon, waliotawala Uhispania pamoja, waliwarahisishia njia: mwaka 1480, katika mkutano wa mabaraza uliofanyika Toledo, waliviondolea ushuru vitabu vilivyoingizwa kutoka nje.

Bula ya vita

Mwaka 1482 Papa Sixtus wa Nne aliwapa wafalme hao bula ya vita vya msalaba dhidi ya ufalme wa Kiislamu wa Granada. Aliyechangia vita hivyo alipata neema kadhaa, na ni vyema kuzitazama kwa makini, kwa sababu hazikuhusu roho peke yake. Bula ilimruhusu mwenye nayo kujichagulia padre wa kumuungamisha, ikampa rehema kamili saa ya kufa, na kumruhusu kula mayai na vyakula vya maziwa katika siku za Kwaresima ambazo wengine walikatazwa. Kulikuwa na bula ya kuwaombea marehemu. Kulikuwa pia na bula ya suluhu, ambayo kwangu ndiyo inayostaajabisha kuliko zote: aliyekuwa na mali aliyoipata isivyo halali, na ambaye hakumjua tena mwenye mali wa kumrudishia, alitoa sehemu ya mali hiyo kwa mfuko wa vita na kuwa huru na iliyobaki.

Wachapaji waliona soko ambalo halijapata kuonekana. Kila mtu mzima katika ufalme alikuwa mteja, na bula ilikuwa na muda wake, hivyo mwenye nayo alihitaji nyingine muda ulipokwisha. Mwishoni mwa karne ya 15 kazi ya kuchapa bula ya vita ilikabidhiwa monasteri mbili: Nuestra Señora de Prado iliyoko Valladolid, ya watawa wa Mtakatifu Yeronimo, na San Pedro Mártir iliyoko Toledo, ya Wadominiko. Kiwanda cha Prado kilihusishwa na mtu mmoja mwenye uzito mkubwa, Hernando de Talavera, aliyekuwa mkuu wa monasteri hiyo, muungamishi wa Malkia Isabel na msimamizi wa fedha za vita. Ukiritimba huo ulikuwa na sababu ya wazi. Kila fomu tupu ilikuwa sawa na fedha, na kama fundi yeyote angeruhusiwa kuchapa, bula za kughushi zingejaa masokoni, kwa hiyo mitambo iliwekwa nyuma ya kuta za monasteri ambako karatasi zingeweza kuhesabiwa.

Nje ya bula ya vita, makanisa na monasteri ziliagiza vyeti vyao zenyewe. Mwaka 1498 Johann Luschner wa Barcelona alichapa vyeti 18,000 vya rehema kwa ajili ya abasia ya Montserrat, kisha akahamishia mtambo wake mlimani, ndani ya abasia hiyohiyo. Ukilinganisha idadi hiyo na nakala 180 za Biblia ya Gutenberg, au nakala mia chache za kitabu cha kawaida cha enzi hiyo, utaelewa kwa nini nasema karatasi hizi ndizo zilizowalisha wachapaji.

Zimekwenda wapi? Hapa kuna kosa jingine la kawaida, la kudhani kwamba kilichobaki kwa uchache kilichapwa kwa uchache. Kwa karatasi za aina hii ni kinyume chake. Kitabu kinene kiliwekwa kwenye rafu na kurithiwa, ilhali bula iliyopitwa na muda haikuwa na kazi tena. Nyingi zilitupwa, na nyingine zilitumiwa na wajalidi kama karatasi chakavu za kukazia majalada ya vitabu vingine, ambako wahifadhi wa maktaba huzikuta leo wanapofungua majalada hayo kuyakarabati. Nyingine zilizikwa. Familia nyingi ziliwalaza marehemu wao pamoja na bula zao, na katika kanisa la San Esteban huko Cuéllar, jimbo la Segovia, kaburi la mwanamke aliyeitwa Isabel de Zuazo lilikutwa na bula na vyeti alivyovikusanya maishani mwake. Kwangu ugunduzi huo unaeleza imani ya mnunuzi wa kawaida kuliko kurasa nyingi za mabishano ya wanateolojia.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba mfumo huo ulitumiwa vibaya. Granada ilipoanguka Januari 1492, vita vilivyotajwa kwenye bula vilikuwa vimekwisha, lakini wafalme waliendelea kuomba bula iongezewe muda, mara kwa vita vya Afrika ya Kaskazini, mara kwa ulinzi dhidi ya Waturuki, hadi ikawa chanzo cha kudumu cha mapato ya serikali. Mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alifuta rehema zote zilizoambatana na malipo, jambo lililomuumiza Mfalme Felipe wa Pili mfukoni, na bula ya vita ikarudishwa mwaka 1571, mwaka ambao Papa alihitaji meli za Uhispania katika muungano dhidi ya Waturuki. Anayesema Kanisa ndilo lililokuwa likiuza rehema Uhispania amesema nusu tu, kwani sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia hazina ya mfalme.

Je, Kanisa liliuogopa uchapaji?

Mwanzoni, hapana. Ushahidi wa Uhispania haupingiki. Askofu ndiye aliyemleta mchapaji wa kwanza Segovia. Talavera, baada ya kuwa askofu mkuu wa kwanza wa Granada, aliwaita Ungut na Pegnitzer mjini humo, na mwaka 1496 wakachapa kitabu cha maisha ya Kristo. Kadinali Francisco Jiménez de Cisneros, Askofu Mkuu wa Toledo, aligharimia misale, yaani kitabu cha sala za Misa, ya liturujia ya kale ya Wakristo wa Uhispania walioishi chini ya utawala wa Waislamu, iliyochapwa na Hagenbach mwaka 1500, akiogopa kwamba ibada hiyo ingepotea.

Kazi kubwa ya Cisneros ilikuwa Biblia ya lugha nyingi iliyochapwa Alcalá de Henares na Arnao Guillén de Brocar kati ya 1514 na 1517. Ni juzuu sita, zenye Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kiaramu zikiwa zimepangwa bega kwa bega ukurasani, na zilichapwa takriban nakala 600. Wataalamu wa Kiebrania waliomsaidia, akiwemo Alfonso de Zamora, walikuwa Wayahudi waliobatizwa. Agano Jipya la Kigiriki lilikuwa limekamilika kuchapwa mwezi Januari 1514, miaka miwili kabla ya lile la Erasmus, mwanazuoni Mholanzi, lililotoka Basel, lakini idhini ya Papa ilikuja mwaka 1520 tu, na hivyo Erasmus akawa wa kwanza kulifikisha mikononi mwa wasomaji. Cisneros mwenyewe alifariki Novemba 1517, kabla kitabu chake hakijaanza kuuzwa.

Hata hivyo kadinali huyohuyo aliamuru vitabu vya Kiarabu vichomwe hadharani katika uwanja wa Bib-Rambla mjini Granada, vikisalimika vya tiba, ambavyo alivipeleka Alcalá. Sioni sababu ya kulainisha jambo hilo kwa kuwa alikuwa msomi. Hali ya Wayahudi ilikuwa nzito zaidi. Walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa uchapaji nchini humo: Solomon Alkabez alichapa kwa Kiebrania huko Guadalajara mwaka 1476, na Eliezer Alantansi, aliyekuwa tabibu, aliendesha kiwanda kizuri huko Híjar katika miaka ya 1480. Amri ya kuwafukuza ya mwaka 1492 ilivifunga viwanda vyote vya Kiebrania kwa mkupuo mmoja. Ujuzi wao haukupotea, kwani ndugu wawili wa ukoo wa Ibn Nahmias, wakimbizi kutoka Uhispania, walichapa kitabu cha sheria za Kiyahudi huko Istanbul mwaka 1493, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kujulikana kuchapwa katika dola ya Waturuki.

Biblia ya lugha ya wananchi nayo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1478 Biblia nzima ilichapwa Valencia katika lugha ya watu wa huko, mafundi wakiwa Alfonso Fernández de Córdoba na Palmart tuliyemtaja. Nakala zake zilichomwa kwa amri ya Baraza la Uchunguzi wa Imani, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Inkwizisheni, na leo limebaki jani la mwisho peke yake, linalotunzwa New York.

Ni hapa ambapo mkanganyiko mkubwa kuliko yote hujitokeza. Huaminiwa kwamba Inkwizisheni ndiyo iliyotoa vibali vya kuchapa vitabu Uhispania. Haikuwa kazi yake. Kibali kabla ya kuchapa kilikuwa mamlaka ya mfalme tangu amri ya Julai 1502, ambayo iliwateua maaskofu na majaji fulani kukitoa kwa niaba yake. Amri ya Septemba 1558, iliyotolewa na Binti Mfalme Juana kwa niaba ya kaka yake Felipe wa Pili, ilikaza zaidi: mswada ulipelekwa kwa Baraza la Mfalme, karani akatia sahihi kila ukurasa, na baada ya kuchapwa kitabu kililinganishwa na mswada huo na kupangiwa bei. Aliyeingiza au kuuza vitabu vilivyopigwa marufuku, au aliyechapa bila kibali, alikabiliwa na adhabu ya kifo na kunyang'anywa mali. Inkwizisheni ilishughulika na vitabu ambavyo tayari vilikuwa mikononi mwa watu: ilikagua maduka, meli na maktaba, na ilitoa orodha za vitabu vilivyokatazwa, maarufu zaidi ikiwa ile ya mwaka 1559 ya mkuu wake Fernando de Valdés, iliyojumuisha Biblia za lugha ya kawaida. Ndiyo maana kitabu kiliweza kuwa na kibali cha mfalme na bado kikaja kukatazwa na Inkwizisheni miaka kadhaa baadaye, jambo lililowatia hasara wachapaji wengi ambao hawakuwa na kosa lolote.

Hofu ya mwaka 1558 ilikuwa na sababu ya karibu. Vikundi vya waliovutiwa na mafundisho ya Kiprotestanti vilikuwa vimegunduliwa Valladolid na Sevilla, na mwaka uliotangulia Julián Hernández alikuwa amekamatwa kwa kuingiza Sevilla kwa siri maandiko yaliyochapwa Geneva. Alichomwa moto mwaka 1560. Casiodoro de Reina, mtawa wa San Isidoro del Campo karibu na Sevilla, alikimbia nchi, na Biblia yake kamili ya Kihispania ikachapwa Basel mwaka 1569, katika nakala 2,600. Kwa hiyo uhusiano wa Kanisa na uchapaji ulipita katika hatua mbili. Kwa miaka zaidi ya 40 ya mwanzo maaskofu waliushangilia, na baada ya Luther kuonyesha kasi ya vijitabu vilivyochapwa walianza kuuwekea ulinzi, huku wakiendelea kuwa wateja wake wakubwa.

Kwa nini viwanda vilibaki vidogo

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliojibu changamoto ya Uprotestanti, ulipomalizika, Roma ilitoa breviari mpya, yaani kitabu cha sala za kila siku za mapadre, mwaka 1568 na misale mpya mwaka 1570, na kila parokia ya Uhispania ikahitaji vitabu vipya. Mtu angetarajia viwanda vya ndani vitajirike. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikwenda Antwerp, kwa mchapaji Christophe Plantin, ambaye alikuwa ndio kwanza anachapa kwa udhamini wa Felipe wa Pili Biblia mpya ya lugha nyingi chini ya usimamizi wa Benito Arias Montano. Watawa wa El Escorial, monasteri ya kifalme karibu na Madrid, walipewa haki ya pekee ya kuvisambaza vitabu hivyo vya ibada ndani ya ufalme. Viwanda vya Uhispania havikuwa na mtaji wala herufi za kutosha kwa agizo la ukubwa huo, na karatasi nzuri ilinunuliwa Italia na Ufaransa. Vitabu vya Kilatini vya wasomi vilikuwa vinatoka Lyon na Venezia tangu zamani. Kilichobaki kwa mchapaji wa Castilla ni vitabu vya Kihispania, fomu za mahakama na karatasi za ibada.

Pale ambapo mshindani hakuwepo hali ilikuwa tofauti. Jacobo Cromberger, Mjerumani, aliingia katika biashara ya Sevilla kwa kumwoa Comincia de Blanquis, mjane wa Ungut, aliyekuwa amerithi kiwanda. Ni mmoja tu kati ya wajane wengi walioshikilia biashara hii bila majina yao kuonekana kwenye kurasa. Tarehe 12 Juni 1539 Juan, mwana wa Jacobo, alitia sahihi mkataba na fundi kutoka Brescia, Giovanni Paoli, aliyejulikana Uhispania kama Juan Pablos, ili akafungue kiwanda Mexico kwa ombi la Askofu Juan de Zumárraga. Mkataba ulimtaka achape karatasi 3,000 kwa siku, na uliagiza kwamba herufi zilizochakaa ziyeyushwe ili zisitumiwe na mtu mwingine. Alisafiri na mkewe Jerónima Gutiérrez, na fundi wa mtambo Gil Barbero, na mtumwa mweusi aliyeitwa Pedro. Jina la ukoo la Pedro wala asili yake haikuandikwa, lakini mikono yake ilikuwa miongoni mwa ile iliyoanzisha uchapaji katika bara la Amerika. Kazi iliyotoka kwanza, mwaka 1539, ilikuwa mafundisho mafupi ya dini kwa Kihispania na Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, na hakuna nakala yake hata moja iliyobaki. Lima ilifuata mwaka 1584, ambako Antonio Ricardo alichapa katekisimu ya Kihispania, Kikechua na Kiaymara, na Manila mwaka 1593, ambako katekisimu ya Kihispania na Kitagalog ilichapwa kwa mbao zilizochongwa.

Mtambo mmoja uliokusudiwa kuja Afrika haukufika. Mwaka 1556 Wajesuiti waliotumwa Ethiopia na mfalme wa Ureno walisafiri na mtambo wa uchapaji pamoja na bruda Mhispania, Juan de Bustamante, aliyeujua vizuri ufundi huo. Njia ya meli za Ureno kwenda India iliifuata pwani ya Afrika Mashariki, na walipaswa kufika Goa kabla ya kugeukia Ethiopia. Safari ya Ethiopia ilikwama, mtambo ukabaki Goa, na mwaka huohuo Bustamante akaanza kuchapa hapo kazi za kwanza za uchapaji wa herufi za kuhamishika nchini India.

Na bula ya vita? Iliendelea kuchapwa Uhispania kwa zaidi ya karne nne baada ya Granada kuanguka. Vita vilisahaulika, rehema zikabaki, lakini familia nyingi ziliinunua kwa ajili ya ruhusa ya kula nyama siku za mfungo, hadi Papa Paulo wa Sita alipobadilisha sheria za kujinyima mwaka 1966 na karatasi hiyo ikakosa mnunuzi.